Anayetoka na Simu Harudi Ndani

Kampuni inayonitunzia barua pepe huniandikia kila inapozaa huduma mpya. Ilianza na barua pepe peke yake: barua zilizofungwa kwa namna ambayo hata wenye kampuni, wakitaka, hawawezi kuzisoma. Nilijiunga nao nikiwa chuo, baada ya mhadhiri kutueleza kwamba huduma nyingi za bure huishi kwa kuwasoma wanaozitumia. Wenzangu walitoka darasani wakaenda kula. Mimi nilibaki na simu mkononi, nikikumbuka kila nilichowahi kumwandikia mtu, salamu na upuuzi na vilio, na jioni hiyo hiyo nilihamia kwa watu hawa.

Tangu hapo wameongeza kalenda. Wakaongeza ghala la kuwekea mafaili. Wakaja na VPN, ile njia ya pembeni inayoficha uko wapi unapoingia mtandaoni. Wakaleta sanduku la kutunzia maneno ya siri, halafu programu ya simu inayotoa namba za kuthibitisha kwamba wewe ni wewe. Kila kimoja nilikichukua siku kilipotoka, kama mtu anayehudhuria kila akika ya jirani. Taarifa kwamba sasa wanatunza na picha ilinikuta nimekaa kibarazani kwa shangazi yangu, Mwabungo, nachekecha unga wa hina kwa kitambaa cha melimeli. Niliisoma, nikairudia, nikaacha kuchekecha.

Mtu aliyeaminiwa kwa jambo moja, aongeze la pili? Na akifika la saba, tulimwamini kwa lipi?

"Unga unapeperuka," shangazi akasema. "Nini tena?"

Nikamweleza kwamba wale watu wa barua sasa wanatunza na picha.

"Ni watu wazuri?"

"Kwa barua, ni wazuri."

"Basi?"

"Sijui kama watakuwa wazuri kwa picha."

Akaninyang'anya kitambaa. "Hujui. Wewe unafikiri mpaka chai inapoa, halafu unalalamika chai imepoa."

Shangazi ni mpambaji wa maharusi, na mimi, mwenye shahada ya teknolojia ya habari iliyo ndani ya bahasha juu ya kabati, ni msaidizi wake huku nikingoja majibu ya maombi ya kazi. Alianza na hina tu. Watu walikuwa wakija kutoka Ukunda na Galu, hata Msambweni, kwa sababu mkono wake hautetemeki na ua lake linafika kwenye kifundo bila kukatika. Baadaye akaongeza singo, ule msuguo wa manukato anaosuguliwa bi harusi mwili mzima. Akaongeza nywele. Akaongeza uso. Kuna mwaka aliongeza hata viti vya kukodisha, akaviacha, na ukimuuliza kwa nini, hujibu kwamba hina iliyowahi kumharibikia ni moja tu, na alikuwa akiipaka huku akigombana kwa simu na mwenye gari la viti.

Nilipofika mimi, akaongeza kamera. Hakuniuliza kama naweza. Alinunua, akanipa, akasema nimesoma.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipopata kazi ya kudumu. Kwetu, siku ya kupamba ni ya wanawake peke yao. Bi harusi hutolewa akiwa nywele nje, mabega nje, dhahabu na asumini, na wote waliomo ndani wamevua buibui na kujiachia. Mwanamume haingii, wala simu haiingii. Simu hukusanywa mlangoni. Nyumba moja, nisiyoisema, simu iliponyoka ikaingia, na picha ikatoka, ikafika kwenye simu za wanaume mpaka kwa ndugu za bwana harusi. Ndoa ilifungwa, lakini kwa uso wa namna gani, waliokuwapo ndio wanaojua. Na mpambaji wa siku ile, ingawa simu haikuwa yake, hakuitwa tena nyumba yoyote. Shangazi alikuwa akimjua.

Kwa hiyo kila picha niliyopiga niliihesabu kuwa ni kaa la moto lililo mfukoni mwangu. Niliziweka wapi? Kwa wale watu wa barua. Nani mwingine?

Bi harusi wa Msambweni ndiye aliyenifanya niamini, kwa muda, kwamba nimefanya sawa. Siku ya hina alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu juu ya mto, shangazi akimchora, mimi nikimlisha vipande vya embe kwa uma kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa imelowa. Shangazi akamwambia, kama anavyowaambia wote, kwamba akitaka mpiga picha mwingine, au mtu mwingine wa nywele, hatakasirika.

"Wewe nimeshakuvulia buibui," bi harusi akasema. "Kesho nimvulie wa nywele, kesho kutwa nimvulie wa kamera? Kila mmoja ana macho yake na mdomo wake. Bora nivue mara moja."

Uma ulibaki hewani. Sikuwahi kuliona jambo hili upande huo. Mimi nilikuwa nikijiuliza kama mwaminiwa anastahili kuongezewa. Yeye alikuwa akihesabu wageni. Kila huduma ninayoipeleka kwingine ni mgeni mmoja zaidi ninayemvulia buibui. Kwa hesabu hiyo, kampuni yangu ikikataa kutunza picha, haijajizuia tamaa tu. Imenisukuma nikazitunze kwa wale wa bure, wanaowasoma watu.

"Embe," bi harusi akasema, mdomo wazi.

Alikuwa na ombi. Mama yake alikuwa Arabuni, akifanya kazi za nyumbani, na mkataba ulikuwa haujamruhusu kuja. Harusi yote ilisimama kwa jasho la mama huyo, na yeye ndiye pekee ambaye asingeiona. Bi harusi alitaka mama yake amwone akiwa amepambwa siku ile ile, kabla hajatolewa mbele ya watu. Asiwe wa mwisho kuona; awe wa kwanza.

"Mpigie video," nikasema.

"Simu ya mama huchezewa na watoto wa bosi wake. Akipokea tu wanamkalia begani. Na picha ikiingia kwenye simu yake, itabaki humo, wataifungua. Watoto wa kiume wakubwa wapo." Akageuza shingo kunitazama bila kusogeza mkono. "Shangazi yako anasema wewe umesomea."

Njia ilikuwapo. Mama angefungua akaunti kwa wale watu wa barua, nami ningeiweka picha kwenye ghala lao na kumtumia kiungo kinachofunguka kwa neno la siri, kisha kikajifunga. Hakuna kinachobaki kwenye simu. Mama alikuwa na nafasi moja tu: wenye nyumba wake hulala baada ya chakula cha mchana mpaka karibu na laasiri, na saa zao na zetu ni moja. Baada ya hapo angeitwa jikoni na asingeishika simu mpaka watu wote wameshalala, na bi harusi ameshatolewa.

Nikasema naweza. Halafu sikulala vizuri wiki nzima.

Nilikwenda kumtafuta rafiki yangu wa chuo, msichana wa bara anayeshughulikia kompyuta za hoteli moja Diani. Tulikaa kwenye kibanda cha chipsi njia ya kuingilia ufukweni, na kabla sijamaliza maelezo alikuwa ameshaanza kucheka.

"Hao watu wako walianza na barua tu. Saa hii ni supamaketi. Ngoja utaona, wataanza kuuza chapo."

"Chapati zilizofungwa," nikasema. "Hata wao hawajui kilichomo."

"Sikia, mimi sina shida na wao. Lakini cheki hoteli yetu. Ilianza na vyumba. Ikaleta spaa, ikaleta boti, ikaleta safari za mbuga. Saa hii maji ikipotea chumbani, ukiuliza fundi ako wapi, fundi ako kwa boti."

Nikampa hoja ya bi harusi, ya kuvua mara moja. Akatafuna taratibu. Niliona imemgusa, kwa sababu aliacha kucheka.

"Hiyo ni kweli," akasema. "Lakini kuna kitu unaruka. Ukifungiwa nje?"

"Wamenipa maneno ya akiba. Nikiyaandika, akaunti inafunguka."

"Umeyaweka wapi?"

"Mahali salama," nikamjibu, na mada ikahamia kwa meneja wake.

Siku ya kupamba tulifika Msambweni asubuhi. Nyumba ilikuwa nje kidogo ya mji, na ukumbi ulikuwa umetandikwa mikeka ukuta hadi ukuta. Mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa bibi mmoja mnene mwenye miwani, dada wa nyanya wa bi harusi, na mapajani alikuwa na mkoba mkubwa wa ukindu. Yeye ndiye mwenye simu. Kila aliyeingia alimpa yake. Bibi aliizima, akaifunga kwa kitambaa alichokikata kwenye leso kuukuu, akaitumbukiza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Simu."

Nikampa. Akaitazama laptopu kwapani mwangu. "Na hiki nacho kina jicho?"

"Kina, bibi. Hapa juu."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa dera lake, akatoa plasta ya kidonda, akaibandika juu ya lile jicho na kuisugua kwa kidole gumba mpaka ikashika. "Sasa pita."

Nilipita nikiwa nimempenda. Kulikuwa na watu wanaolipwa kwa kazi ile ile, nikawaza, na hawasugui.

Shangazi alifanya kazi yake chumbani, mlango umefungwa, chetezo kikifuka udi pembeni. Alipomaliza alirudi nyuma hatua, akaniashiria. Bi harusi alikuwa amekaa kitandani, hina imeiva kahawia iliyokolea, koja la asumini limezungushwa kichwani. Hakucheka wala hakukaza uso. Alitazama ndani ya kamera kama anayetazama mlangoni, akimngoja mtu. Nikapiga. Tukachagua moja. Adhuhuri ilikuwa imeshapita na huko ukumbini sauti za wageni zilikuwa zimeanza kujaa.

Niliingiza picha kwenye laptopu, nikachomeka modemu ya shangazi na, kwa mazoea yangu ya kuogopa kila mtandao nisioujua, nikawasha VPN. Kisha nikafungua ghala.

Ghala halikufunguka. Kampuni iliniandikia kwa adabu kwamba mtu fulani, aliye nchi fulani ya Ulaya, anajaribu kuingia kwenye akaunti yangu, ilhali mimi asubuhi ile nilikuwa Kenya. Kwa usalama wangu wamefunga milango yote. Ikiwa mtu huyo ni mimi, niandike namba inayotolewa na programu iliyo kwenye simu yangu.

Ilinichukua muda kuelewa. Yule mtu wa Ulaya alikuwa mimi. Huduma yao moja ilikuwa imenifunika buibui, na huduma yao nyingine, iliponiona nimejifunika, ikaniita mwizi. Nikazima VPN. Haikusaidia, milango ilikuwa imeshafungwa na wanataka namba. Namba ilikuwa kwenye simu. Simu ilikuwa kwenye mkoba wa ukindu.

Yale maneno ya akiba, basi. Nilikuwa nimeyaweka mahali salama kuliko pote nilipopajua, ndani ya sanduku lao la maneno ya siri. Lililokuwa ndani ya akaunti.

"Imekwenda?" bi harusi akauliza.

"Bado kidogo."

"Mama ameshamaliza vyombo saa hizi."

Nilitoka mbio bila viatu. Bibi alikuwa akizungumza na mgeni juu ya bei ya nazi. Nikachuchumaa kando ya kiti chake, nikamweleza, na nadhani nilieleza zaidi ya ilivyotakiwa, kwa sababu alinisimamisha kwa kiganja.

"Unataka simu."

"Nataka namba tu, bibi. Nitaisoma hapa hapa mbele yako, halafu unaifunga tena."

"Nikikufungulia wewe, yule pale mwenye dera la njano atasema mtoto wake ana homa. Na yule wa pili atasema mumewe anataka kumpigia. Wote watakuwa wakweli." Akaugonga mkoba. "Sheria ni moja. Simu hutoka na mwenyewe. Na mwenyewe akitoka, ametoka. Harudi ndani."

Shangazi alikuwa amenifuata, kitana mkononi. "Bibi, huyu ni wangu. Mimi namdhamini."

"Ndiyo maana nasema naye kwa upole."

"Kuna picha zaidi za kupiga. Nani atapiga?"

"Wewe una mikono," bibi akamwambia. "Si umeanza na hina, ukaongeza uso, ukaongeza nywele? Ongeza."

Wanawake waliokaa karibu wakacheka, na shangazi, ambaye hapendi kuchekwa, akanitazama kwa jicho lililosema kwamba kesi hii itaendelea Mwabungo. Lakini akanyoosha mkono, nikampa kamera.

"Na hicho?" Bibi alikuwa akiitazama laptopu. "Picha ya mtoto imo humo?"

"Imo. Moja."

Bibi akaukumbatia mkoba. Hapo palikuwa pagumu, na nilipaona pagumu kama yeye. Simu nje, sawa. Lakini nitatoka na simu na picha pamoja, mkono mmoja huku na mmoja huku, niende nisikoonekana. Kila kitu ambacho mlango ule uliwekwa kukizuia ningekuwa nimekibeba mimi, msaidizi wa mpambaji, na jina ambalo lingeanguka si langu. Nilimtazama shangazi. Alikuwa akimkumbuka yule mwenzake, nina hakika.

"Hii si yangu kuamua," bibi akasema mwishowe. "Wala si yako. Aulizwe mwenyewe."

Shangazi alirudi chumbani. Sauti ya bi harusi ilikuja kupitia mlangoni, si ya juu, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza kusikiliza.

"Atoke nayo. Mama anangoja."

Bibi akafungua mkoba, akalipata fundo langu, akanipa.

Niliketi nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na ukuta, mahali ambapo hata paka asingeona kioo cha laptopu. Simu ilichelewa kuwaka jinsi simu zinavyojua kuchelewa. Nikaandika namba. Milango ikafunguka yote kwa pamoja, barua, kalenda, ghala, sanduku, na kwa mara ya kwanza sikufurahia kuiona ikifunguka pamoja. Nikapandisha picha. Nikaweka neno la siri ambalo bi harusi alikuwa amenipa siku ya hina. Nikatuma kiungo. Nikafunga laptopu nusu, kivuli changu juu yake, nikangoja.

Kungoja ndiyo kazi ninayoifanya vibaya kuliko zote. Nilijiuliza kama ameamshwa mapema. Nilijiuliza kama neno la siri lilikuwa na herufi kubwa. Nilijiuliza kama kijana wa nyumba ile ameshika simu, anakisoma kiungo, anajaribu majina. Kisha, kwa kuwa akili yangu haina breki, nilijiuliza kama kampuni ile ingebaki na barua peke yake ningekuwa wapi saa hii. Ningekuwa nimetumia ghala la watu wengine, na neno la siri ningelikumbuka kichwani, na kufungiwa barua kusingenifungia picha. Au ningekuwa nimeituma kwa njia ya kawaida tu, imekaa kwenye simu ya mama, inachezewa. Sikujua. Muadhini akaanza kuadhini laasiri, nami nikahesabu kwamba huko nako wanaamka.

Kwenye kioo, mbele ya jina la picha, palitokea neno: imefunguliwa.

Halafu hakuna kitu. Adhana ikaisha. Mtu alimwaga maji upande wa pili wa ukuta. Nikaanza kufikiri kwamba ameifungua na kuitwa papo hapo, ameona nywele tu, au hakuona kabisa. Ndipo barua ikaingia.

"Nimemwona mwanangu. Mwambieni koja limeteremka upande wa kushoto, limemfunika sikio. Huyu tangu mdogo kila kitu humkalia upande. Liinueni. Naitwa."

Nilikimbia mpaka mlangoni, na mlangoni nikasimama, kwa sababu nilikuwa nimetoka. Bibi alinitazama kwa juu ya miwani.

"Ameona?"

"Ameona. Anasema koja limeteremka kushoto. Limemfunika sikio. Liinuliwe."

Bibi akageuza kichwa, na kwa sauti ambayo sikudhani anayo akaita ndani: "Mama yake anasema koja liinuliwe upande wa kushoto."

Ukumbi wote ulisikia. Nilisikia kitanda kikilia chumbani, na shangazi akisema tulia, tulia, wanja huo. Kisha vigelegele vilianzia chumbani, vikapokelewa ukumbini, na bi harusi hata alikuwa hajatolewa bado.

"Watu wamekaa naye asubuhi yote," bibi akasema, kama anayejisemea, "na koja hawakuliona." Akaninyooshea kidole. "Sasa futa. Nione."

Nikafuta mbele yake. Kwenye laptopu, kisha kwenye ghala. Nilimwonyesha pale palipokuwa na picha, peupe.

"Na kule kwao wenye ghala?"

"Kumefutika pia, bibi."

"Wanasema wao?"

"Wanasema wao."

"Hm," akasema, na akasogeza kiti kidogo ili nipate pa kukaa kizingitini, upande wa nje. Nilikaa hapo mpaka shughuli ikaisha. Biriani niliipokelea mlangoni. Bi harusi sikumwona akitolewa. Niliona tu migongo ya wanawake ikisimama wote kwa mara moja.

Kesi ya Mwabungo ilisikilizwa kesho yake, kwenye chai, na hukumu ilikuwa nyepesi. Picha za shangazi nyingi zilikuwa hazina vichwa. Alisema hilo ni kosa la kamera. Siku hiyo hiyo niliihamisha ile programu ya namba nikaipeleka kwa watengenezaji wengine kabisa, wasiojuana na kampuni yangu, na maneno ya akiba nikayaandika kwenye karatasi ambayo shangazi aliifukia ndani ya kopo la hina bila kuuliza ni nini. Barua na picha zilibaki pale pale. Wanaotunza vilivyomo ndani na wanaoshika mlango, nikaona, wasiwe mtu mmoja, hata awe mzuri vipi. Mengine yote sikuwa na hakika nayo. Nilimwandikia rafiki yangu wa Diani kumwambia alikuwa amesema kweli kuhusu kufungiwa nje. Akajibu kwa picha ya chapati.

Nilidhani mama wa bi harusi ataiacha ile akaunti. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Lakini baada ya muda barua ikaja kutoka kwake, nikiwa kibarazani tena, na hina tena.

Alianza kwa salamu ndefu, akamsalimu na shangazi, akauliza hali ya mvua. Kisha akauliza kama hawa watu wana kalenda. Alitaka kuhesabu siku za mkataba zilizobaki. Ile ya kwenye simu watoto huifungua, akaandika, na wakiona nahesabu siku watamwambia mama yao, na mama yao atajua kwamba sitaki kuongeza mwaka mwingine. Ya ukutani ndiyo usiseme. Hapa kwenu peke yake ndipo hawajawahi kuingia.

Nilianza kumjibu. Nilimwandikia juu ya hatari ya kuweka kila kitu kwa mtu mmoja. Nilimweleza habari za fundi wa hoteli aliye kwenye boti. Niliandika aya juu ya mlango na mkoba, aya nzuri, nikaisoma, nikaifuta. Nikaandika nyingine, nikaifuta.

"Nani huyo?" shangazi akauliza.

"Mama wa Msambweni. Anauliza kama wana kalenda."

"Wanayo?"

"Wanayo."

"Basi mwambie wanayo. Chai inapoa."

Nikamwandikia kwamba wanayo, na pa kubonyeza, na kwamba maneno ya akiba ayaandike kwenye karatasi, ayashonee ndani ya upindo wa leso.